Hati ya Kubaki

Mji mzima wa Ntondwe ulikuwa ukibishana kuhusu watu saba, na Ramla alikuwa mmoja wao.

Ubishi ulianzia kwenye foleni ya maji, ukahamia sokoni, na kufikia saa mbili asubuhi ulikuwa umeshaingia redioni. Baraza la Mji lilikuwa limetangaza kwamba wale walioiandika programu ya Kadiri watapewa tuzo. Tuzo yenyewe haikuwa ngao ya kutundika ukutani wala kiwanja kule juu kwenye upepo. Ilikuwa Hati ya Kubaki. Mwenye hati hiyo, pamoja na wazazi wake na watoto wake, hataondoka Ntondwe maisha yake yote, kisima kishuke kisishuke.

Ramla alisikiliza huku anampikia mama yake uji wa mtama. Alipima maji kwa kikombe cha bati, viwili na nusu, asizidishe hata tone. Redioni alikuwa anazungumza Gunda, fundi wa pampu.

"Hao wa kompyuta wamefanya kazi, sikatai," alisema Gunda. "Lakini pampu ikikwama, ni kompyuta inayoshuka kisimani mita mia mbili na kamba kiunoni, au ni mimi? Mbona sijasikia jina langu? Na wale waliochimba je? Na wale waliokubali kuondoka ili sisi tunywe, wao tuzo yao iko wapi?"

Mtangazaji alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mada ibadilike.

"Huyo si Gunda wa Ngole?" aliuliza Bi Mwamini. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Alikuwa na miaka sabini na minne na miguu yake ilikuwa imevimba tangu mwaka juzi.

"Ndiye, mama."

"Mwache aseme. Aliyeondokewa na mama ana haki ya kusema." Akapokea bakuli, akapuliza. "Lakini na wewe upewe chako. Nani hapa mjini hajui ulivyokonda kwa hiyo kazi? Kabla yenu watu walikuwa wanakatana mapanga, Ramla. Mapanga! Kwa ndoo ya maji."

Hapo mama alisema kweli tupu. Mvua zilipokata mwaka wa tano mfululizo, Ntondwe ndio mji pekee kwenye uwanda ule uliobaki na maji matamu, ziwa lililolala chini ya mwamba, na ziwa lile halikuweza kuwanywesha wote waliokimbilia juu yake. Ilibidi baadhi waondoke. Kwanza kamati ndizo zilizoamua nani aende, na kila kamati iliwapeleka watu wa ukoo mwingine. Damu ilimwagika. Ndipo ikaja Kadiri. Kila tarehe mosi, saa sita kamili mchana, ilisoma kina cha maji, ikasema ni watu wangapi wamezidi, ikawachagua kwa alama za umri na afya, hesabu isiyojua ukoo wala dini. Wito ulifika kwenye simu ya mhusika. Baada ya siku saba alipanda lori kwenda Bondeni, kwenye kambi za maji ya chumvi. Vijana walivumilia huko. Wazee, mmoja kati ya watatu hakumaliza masika yake ya kwanza.

Miaka mitatu sasa, na hakuna aliyeinua panga. Watu walilia, wakafunga mizigo, wakaondoka. Kama hayo si mafanikio, basi neno hilo halina maana.

Ramla alitoka kwenda kazini. Nyumba ya kushoto ilikuwa tupu, madirisha yamepigiwa mbao. Ya pili yake tupu. Ya tatu tupu. Baraza lilikuwa limejaribu mara mbili kuwapa watu nyumba zile na mara mbili watu walikataa, kwani mtaani ilishasemwa kwamba kuishi jirani na mtu wa kompyuta ni mkosi. Mhandisi Kitundu, mkuu wao, naye alikuwa amezungukwa na magofu. Walipokuwa wakinywa chai ofisini walilifanya jambo hilo utani. Watu wetu na ushirikina wao, walisema, wakacheka mpaka machozi.

*

Kazi ya siku hiyo ilikuwa ndogo. Sherehe ilikuwa kesho, tarehe mosi, na Baraza lilitaka Kadiri ifanye usomaji wake wa saa sita mbele ya umati, kwenye skrini kubwa, hati zikiwa zimeshaanza kutumika. Ramla alitakiwa kuandika mahali pa kuingizia namba za watu wasioguswa. Nusu saa, basi.

Alifungua sehemu ya uchaguzi. Hakuwa ameigusa tangu uzinduzi, kwa maana kitu kinachofanya kazi hakichokonolewi. Alishuka mstari baada ya mstari, akitafuta pa kupachika orodha mpya.

Orodha ilikuwepo tayari.

Alidhani macho yanamdanganya. Namba arobaini na tisa, na chini yake amri fupi: namba ikiwa humu, iruke, chukua wa nyumba inayofuata. Pembeni mtu alikuwa ameandika maelezo kwa haraka. *Ya majaribio. Ondoa kabla ya uzinduzi. R.N.*

R.N. alikuwa yeye mwenyewe, Ramla Ntandu.

Aliyasoma tena. Alikumbuka vizuri sana. Wakati wa majaribio sheria ya kutumia taarifa za wananchi ilikuwa haijapita, na Kitundu akawaambia kila mmoja alete namba za ndugu zake mwenyewe, wale watakaoridhia. Wakaleta mama, baba, shangazi, wajomba. Lakini namba zilikuwa za kweli, na wito wa Kadiri ukishatoka haufutiki. Ndivyo walivyoapa mbele ya mji, kwamba hata Baraza lenyewe halitaweza kuufuta. Wangefanyaje majaribio bila kumpeleka mama wa mtu Bondeni? Ramla akaweka mstari mmoja wa kuwaruka. Wa siku mbili tatu. Kisha kisima kikashuka ghafla, uzinduzi ukaharakishwa kwa wiki mbili, wakakesha, wakazindua, wakakumbatiana.

Hakuna aliyegundua kwa sababu jumla ilitoka sawa. Kisima kikitaka wanne, wanne waliondoka.

Alipaswa kunyanyuka pale pale. Badala yake alifanya kile ambacho mtu wa kazi yake hawezi kujizuia kukifanya. Alichukua kumbukumbu za miezi thelathini na sita, akauondoa mstari kwenye nakala, akaiambia mashine ihesabu upya tangu mwanzo.

Ilichukua dakika tisa. Ramla alikaa mikono mapajani kama mtu aliye nje ya wodi.

Ndugu ishirini na watatu wa wale saba walistahili kuitwa na hawakuitwa. Watu wengine ishirini na watatu walikwenda, wote jirani zao, nyumba inayofuata, na ikishaisha hiyo, inayofuata tena. Tisa walikuwa wamekufa. Na Kadiri haikuwa imewasahau waliorukwa. Iliwaacha pale pale kileleni mwa hesabu mwezi baada ya mwezi, ikiwaruka na kuwarudia, ikiwaruka na kuwarudia.

Jina la juu kabisa lilikuwa la mama yake. Mwezi wa pili tu wa Kadiri. Na aliyechukuliwa nafasi yake alikuwa wa nyumba ya kushoto, Bi Ngole, mfuma mikeka, mama yake Gunda. Alifariki Bondeni siku ya arobaini.

Ramla alinyanyuka akaenda kwa mkuu wake.

*

"Funga mlango," alisema Mhandisi Kitundu.

Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na nane, mpole, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Ramla alimweleza kwa kukatakata, akarudia mengine mara mbili. Kitundu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani akaifuta, na katika kuifuta kule, taratibu, bila mshtuko, Ramla akaelewa.

"Mzee, ulikuwa unajua."

"Niliuona mwaka wa kwanza, mwezi wa tano." Akarudisha miwani. "Baba yangu alikuwa na miaka themanini na mmoja, Ramla. Nilikaa kwenye kiti hiki hiki, kidole juu ya kitufe, tangu asubuhi hadi jioni. Sikuweza. Kama wewe ungeweza, hongera."

"Watu tisa wamekufa!"

"Na elfu tisa wako hai. Nani aliwaweka hai? Unakumbuka kamati? Unakumbuka ile Jumapili ya mapanga kanisani?" Hakungoja jibu. "Tumewapa mji watu hawa. Mji unasema asante. Baraza limekaa, likafikiri ni kitu gani litupe, likachagua kile kile ambacho tayari tunacho. Kesho saa nne wakipiga muhuri, mstari wako unakuwa sheria. Badilisha jina la orodha, futa hayo maelezo ya pembeni, nenda nyumbani ukamsaidie mama achague nguo ya kuvaa."

"Tuzo ni ya kazi nzuri, mzee. Hii haikuwa kazi nzuri."

"Mwashi akijenga nyumba kumi na mbili akapewa chumba kimoja, nani atalalamika?"

"Aliyekuwa analala kwenye hicho chumba."

Kitundu aligeukia dirisha. Nje mtu alikuwa anajaribu vipaza sauti vya sherehe, moja mbili, moja mbili.

"Ukiuondoa," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, "Kadiri itaanza na walio kileleni. Kwa kina cha leo, kesho kisima kitataka wanne. Unawajua hao wanne ni akina nani?"

Ramla alijua. Mama yake, baba yake Kitundu, na mzazi mmoja mmoja wa wenzake wawili waliokuwa chumba cha pili wakipeana zamu ya kupiga pasi mashati ya kesho.

"Miguu ya mama yako," alisema Kitundu, "itafika Bondeni kweli?"

Hakumtisha. Hakumnyang'anya chochote, hakumfungia mfumo. Alimwachia funguo zote na kumwacha atoke, na hilo ndilo lililomtia Ramla hofu kuliko kitu chochote. Mzee yule alikuwa na hakika naye.

Jioni alimkuta mama yake amepanga madera matatu kitandani na hajui lipi. Ramla alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua mdomo kusema, akasema la kijani. Akajichukia tangu dakika ile.

*

Ukumbi ulijaa saa tatu unusu. Waliokosa viti walisimama kuzunguka kuta, na wengine walichungulia madirishani. Mstari wa mbele walikaa wale saba na wazazi wao. Baba yake Kitundu alikuwa amevaa koti la suti na kandambili. Bi Mwamini alisalimiana na kila mtu kama bibi harusi.

Mwenyekiti wa Baraza, Bi Skola Mkoma, alihutubia, akahutubia, akaongeza. Aliwasifu kwa kuuokoa mji. Alisema wapo waliouliza kama watu hawa wanastahili, na jibu ni kwamba kila mmoja wetu aliyeoga jana ni shahidi. Watu wakapiga makofi, si wote. Gunda alikuwa katikati ya ukumbi na ovaroli lake la kazi, mikono ameikunja kifuani.

Hotuba ilipoisha ilikuwa saa sita kasoro robo, na hati zilikuwa bado hazijapigwa muhuri. Ramla aliitwa aseme machache kwa niaba ya wenzake, kisha aongoze usomaji. Alipanda jukwaani na kompyuta yake. Aliiunganisha na skrini, na ukumbi mzima ukaona namba arobaini na tisa.

"Sistahili tuzo hii," alianza, na watu wakacheka, wakidhani ni unyenyekevu. "Nisikilizeni. Tuzo hii tumeshaila miaka mitatu."

Aliwaeleza. Hakupamba. Aliwaonyesha mstari, akawasomea maelezo yake ya pembeni, akasema haya ni maandishi yangu. Aliwaambia jinsi wito ulivyoruka nyumba na kuangukia nyumba ya pili. Kisha akasoma majina ishirini na matatu, moja moja, na ukumbini huku na huko mtu aliguna kana kwamba amechomwa. Kitundu alikuwa amefumba macho. Mkononi mwake alikuwa ameushika mkono wa baba yake.

Jina la Bi Ngole alilisema la mwisho. Kumtazama mama yake hakuthubutu.

Feni zilisikika zikizunguka. Ramla alingoja mawe. Tangu alfajiri alikuwa amejiandaa kwa mawe, na ndani ya moyo wake, tuseme kweli, aliyatamani. Gunda alitoka kwenye nafasi yake, akaja mbele polepole, watu wakimpisha. Akasimama chini ya jukwaa.

"Hiyo orodha," aliuliza Gunda, "bado inafanya kazi?"

"Inafanya. Mpaka niifute."

"Kwa hiyo namba ikiwa humo, saa sita haiguswi."

"Haiguswi."

Gunda alilamba midomo. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Basi mwandike binti yangu," alisema. "Ana kifafa, alama zake ni mbaya, naogopa kila mwezi. Namba yake ni sifuri saba, tatu tatu, moja..."

"Kaka Gunda, wewe..."

"Moja, tisa, nne. Andika! Mlimchukua mama yangu, mnanidai nini tena? Andika!"

Nyuma yake mwanamke alikuwa amesimama na kitambulisho juu. Nyuma ya mwanamke, mzee wa kanisa. Hakuna aliyepiga kelele za hasira. Walikuja kwa utaratibu, wakisukumana kidogo tu, wakapanga foleni kama ile ya maji, kila mmoja namba yake mdomoni, na foleni ikapinda kwenye nguzo ikatoka hadi mlangoni. Bi Skola Mkoma alikuwa ameshuka kwenye kiti chake cha heshima. Alikuwa wa saba.

"Hamwelewi," alisema Ramla kwenye kipaza sauti. "Kila mtakayemwandika, kuna mwingine anachukuliwa. Mkiandikwa nyote watabaki wale ambao hawakuja leo. Wagonjwa. Walioko mashambani."

Walimsikia. Aliona kwenye macho yao kwamba walimsikia na wakaelewa, na hakuna aliyetoka kwenye foleni.

Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika nne. Hapo ndipo alipomtazama mama yake. Bi Mwamini alikuwa ameketi wima ndani ya dera la kijani, mikono magotini, macho yake yako kwa Gunda. Ramla alitaka mama atikise kichwa, amkataze au amruhusu, chochote. Mama hakumpa chochote.

Angeweza kumwandika mtoto wa Gunda. Jambo dogo, tena la haki ukilitazama upande mmoja. Baada yake yule mwanamke. Alikuwa ameyafanya haya haya miaka mitatu iliyopita, kwa nia njema, kwa siku mbili tatu.

"Nisamehe," alimwambia Gunda, mbali na kipaza sauti.

Akaweka alama juu ya namba zote, ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na ule mstari chini yake. Gunda alirukia jukwaa. "Usifute! Dada, usifute, ngoja!" Walinzi walimshika mguu. Ramla alibonyeza, na skrini kubwa ikabaki nyeupe.

Mtu alipiga yowe nyuma. Saa ilifika sita.

Kadiri ilisoma kisima, ikakokotoa, ikaandika nne. Watu elfu moja walitoa simu zao mifukoni na vifuani wakazishika kwa mikono miwili. Simu ya kwanza ililia mstari wa mbele, kwenye mkoba wa Bi Mwamini. Ya pili ilikuwa ya baba yake Kitundu, ambaye hakujua kuizima, ikaendelea kulia. Ya tatu na ya nne zilifuatana, viti viwili kutoka pale.

Kisha kimya. Hakuna simu nyingine.

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Ramla aliisikia ile pumzi ikipita, pumzi ya watu elfu moja waliopona, na mtu mmoja upande wa madirisha alicheka kwa furaha kabla hajajiziba mdomo. Gunda, angali amekaa chini mguu mikononi mwa walinzi, aliitazama simu yake iliyokuwa kimya. Mabega yake yalilegea. Alitabasamu. Alipoinua uso akakutana na macho ya Bi Mwamini, tabasamu lile likaganda na hakujua alipeleke wapi.

Bi Mwamini alikuwa ameshausoma wito wake. Aliurudisha mkobani, akafunga zipu. Akamsemesha Gunda, si Ramla, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuzungumza na jirani uani.

"Asubuhi ile mama yako alikuja kuniaga," alisema. "Alikuwa analia. Nikamwambia, Ngole, usilie, ni mipango ya Mungu."